Olonana, mto wa Kedong na wapagazi wetu wa 1895

Ukishuka kutoka Ngong kwa barabara ya Suswa, ukaipita Kimuka, utafika mji mdogo wa Ewuaso Kedong, katika kaunti ya Kajiado. Kuna maduka, mbuzi, vumbi, na bonde kubwa lililofunguka mbele yako mpaka mlima Suswa. Ewuaso kwa Kimaasai ni mto. Kwenye karatasi za serikali wadi hiyo inaitwa Ewuaso Oonkidong'i, na anayewajua Wamaasai akilisikia jina hilo masikio yake husimama, kwa sababu Inkidong'i ndio ukoo wa maloiboni, ukoo uliomzaa Olonana.

Makala ya leo ni ya mtu huyo. Najua kuna atakayeuliza, sisi watu wa pwani na Olonana tuna nini? Tuna mengi. Katika bonde hilo hilo, mwezi Novemba 1895, walikufa watu wetu kwa makumi, na yaliyofuata baada ya damu ile ndiyo yaliyomfanya Olonana awe Olonana tunayemsikia. Siku hizi kaunti nyingi zinaamka na kutaka kuweka mabamba ya ukumbusho kando ya barabara, ya watu mashuhuri na mahali penye historia. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya utamaduni na makumbusho, kwa hivyo ni haki yao. Lakini bamba lina maneno machache tu, na anayeyachagua ndiye anayeamua nani akumbukwe. Ndiyo maana nataka tumjue mtu huyu kabla jiwe halijachongwa.

Olonana alizaliwa karibu 1870. Baba yake ni Mbatian, oloiboni mkubwa kuliko wote waliokumbukwa na Wamaasai. Hapa tuelewane kidogo. Oloiboni si mfalme wala si sultani. Wamaasai hawakuwa na kiti cha enzi. Mambo ya kila siku yaliamuliwa na wazee na na wasemaji wa rika. Oloiboni alikuwa mtu wa baraka, wa dua, wa kutazamia na wa dawa za vita. Wamorani hawakutoka kwenda kupigana bila ya baraka yake. Nguvu yake ilikuwa katika kuaminiwa, na mwenye nguvu ya namna hiyo humpoteza mmoja leo na wawili kesho akikosea.

Wazee wetu walimjua Mbatian kwa sifa kabla ya Mzungu yeyote kulijua jina lake. Misafara ya Mombasa na Pangani ilikuwa ikikata nyika ya Wamaasai kutafuta pembe, ikifika Naivasha na Baringo. Mwaka 1870 kulichapishwa London maelezo ya njia za misafara hiyo, yaliyoandikwa na mmishenari Thomas Wakefield, na aliyemsimulia njia hizo, kituo kwa kituo, alikuwa mtu wa pwani, Sadi bin Ahedi. Joseph Thomson alipopita Umaasaini 1883 akapata umaarufu Ulaya, aliyemwongoza ni Jumbe Kimameta wa Pangani, mfanyabiashara aliyezijua njia na aliyejua hongo ngapi hutolewa wapi. Haya nayasema ili tusidhani kwamba Kedong ilikuwa nchi ya ugenini kwetu. Ilikuwa barabara ya kazi.

Mbatian alifariki karibu 1890. Wakati huo balaa lilikuwa limeshaanza kushuka. Sotoka iliingia 1890 na 1891 ikafagia ng'ombe, na kwa Mmaasai ng'ombe ni chakula, ni mahari, ni heshima. Nyuma ya sotoka ikaja ndui, ikawaua watu. Nyuma ya ndui ikaja njaa. Watu waliokuwa wakiogopwa kutoka Kilimanjaro mpaka Laikipia walikuwa wakibisha hodi kwa majirani wakiomba nafaka, na wengine wakiwaacha watoto wao kwa Wakikuyu ili wapate kuishi.

Katikati ya msiba huo ndugu wawili waligombania urithi. Olonana alikuwa na kaka yake, Sendeyo. Simulizi iliyoenea inasema kwamba Mbatian, alipokuwa mzee na macho yake yamekwisha nguvu, alimwambia Sendeyo aje alfajiri kupokea vyombo vya uloiboni. Olonana akasikia, akatangulia kabla ya jua, na mzee akamkabidhi akidhani ni mkubwa. Wafuasi wa Sendeyo waliisimulia kwa uchungu wa kuibiwa. Wafuasi wa Olonana wao walisema baba alijua alichokuwa akifanya. Kila upande una simulizi yake, na mashahidi wote wamelala makaburini.

Lisilo na shaka ni kwamba ugomvi ule uliwagawa watu. Sendeyo aliungwa mkono zaidi upande wa Loita na kusini, katika nchi iliyokuwa ikiingia mikononi mwa Wajerumani. Olonana alibaki na Wapurko, Wakeekonyokie na wengine wa karibu na Ngong na Naivasha. Walipigana miaka mingi, Mmaasai kwa Mmaasai, na ng'ombe wachache waliobaki wakawa ndio ngawira.

Olonana basi alirithi uongozi wa watu wenye njaa, wenye adui nyuma na mbele, naye ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Hapo ndipo Waingereza walipoingia katika hesabu zake. Kampuni ya Kiingereza ilikuwa imejenga ngome, Fort Smith, huko Kabete. Miaka ya 1893 na 1894 sehemu ya watu wa Olonana walikwenda kujisitiri karibu na ngome ile. Wanaomwita kibaraka wasiiruke sehemu hii. Mtu aliyefilisika na anayewindwa na ndugu yake hachagui sana mlango wa kubisha.

Tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza ikaichukua nchi kutoka kwa kampuni. Miezi mitano haijapita, likatokea la Kedong.

Msafara mkubwa wa watu wapata 1,100 ulikuwa umepeleka vyakula Eldama Ravine na ulikuwa ukirudi Fort Smith. Wengi wao walikuwa Wakikuyu. Zaidi kidogo ya 100 walikuwa Waswahili, na neno hilo wakati ule lilimaanisha yeyote aliyetoka pwani na aliyezungumza lugha yetu: muungwana wa mjini, Mmijikenda, Mzaramo, Mnyamwezi aliyekulia Mombasa, mtumwa aliyekodishwa na bwana wake, mtumwa aliyekombolewa. Hao ndio waliobeba mizigo ya dola ile mpya, ratili sitini au zaidi kichwani, kwa posho ya unga na ujira uliokatwakatwa.

Bondeni Kedong msafara ulikutana na maboma ya Wamaasai. Uchunguzi uliofanywa baadaye na serikali yenyewe ulikuta kwamba watu wa msafara ndio walioanza: walichukua ng'ombe na kuwashika wasichana wa Kimaasai. Wamorani hawakungoja kibali cha mtu. Waliuvamia msafara kwa mikuki, na siku ile waliuawa watu zaidi ya 500. Kati ya Waswahili, karibu wote waliangamia. Ni wachache mno waliorudi kusimulia.

Baada ya hapo mfanyabiashara wa Kiskoti, Andrew Dick, aliyekuwa njiani karibu na hapo, alishika bunduki akaenda kulipiza. Aliwaua Wamaasai wengi, kisha naye akauawa. Jina lake limo katika kila kitabu kinachoitaja Kedong. Majina ya wapagazi hayamo.

Sasa, serikali ilitarajiwa itume jeshi. Haikutuma, na sababu mojawapo iko hapa kwetu. Mwaka huo huo wa 1895 pwani ilikuwa inawaka moto. Ugomvi wa urithi wa Takaungu ulikuwa umegeuka kuwa vita, na Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi alikuwa ameinua silaha dhidi ya Waingereza. Serikali ililazimika kuleta askari kutoka Bara Hindi, na vita havikwisha mpaka Aprili 1896, Mbaruk alipovuka kwenda upande wa Wajerumani. Serikali isiyoweza kuishika Gazi ingepata wapi nguvu ya kupigana na Wamaasai bondeni?

Kwa hivyo ikaamuliwa kwamba msafara ulikuwa na makosa na kwamba Wamaasai walikwisha kuadhibiwa kwa watu waliouawa na Dick. Wazee wetu husema Mgala muue na haki yake mpe. Hukumu ile ilikuwa na haki ndani yake, sikatai. Lakini ilikuwa na hesabu ndani yake pia, na Olonana, mtu mwenye akili, aliiona hesabu hiyo. Aliona kwamba Mzungu mmoja mwenye bunduki aliweza kuua watu wengi. Aliona pia kwamba serikali hii inahitaji marafiki. Akaamua kuwa rafiki.

Urafiki ule ulimlipa. Wamorani walitoka pamoja na majeshi ya serikali katika misafara ya kuwapiga majirani, Wanandi wakiwemo, na kila safari walirudi na mgao wa ng'ombe. Katika miaka kumi zizi lililokuwa tupu likajaa tena. Sendeyo naye alichoka. Mwaka 1902 alivuka kutoka upande wa Wajerumani akaja kwa mdogo wake kuomba suluhu. Waingereza walimtambua Olonana kuwa mkuu wa Wamaasai wote na wakamwekea mshahara. Cheo hicho hakikuwepo katika mila ya Kimaasai. Kilitengenezwa kwa sababu serikali ilitaka mtu mmoja wa kuweka alama kwenye karatasi.

Na karatasi ililetwa. Agosti 1904, chini ya Kamishna Sir Donald Stewart, Olonana na wazee wengine waliweka alama zao kwenye mkataba. Wamaasai walikubali kuondoka Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru, malisho mazuri kuliko yote waliyokuwa nayo, ili walowezi wapewe. Wao wakatengewa sehemu mbili: Laikipia kaskazini, na nchi ya kusini kuanzia Ngong. Waliahidiwa njia ya kuunganisha sehemu hizo mbili, na kiwanja cha maili tano za mraba huko Kinangop kwa ajili ya sherehe za kutahiri. Waliahidiwa kwamba mpango huo utadumu maadamu kabila la Wamaasai lipo duniani.

Ulidumu chini ya miaka saba. Walowezi waliitaka na Laikipia. Gavana Sir Percy Girouard akaanza kusukuma Wamaasai wa kaskazini wahamishiwe kusini. Olonana alikuwa kusini, karibu na Ngong, na kwa hesabu zake watu wote wakikusanyika kusini watakuwa chini ya baraka yake. Kaskazini mambo yalikuwa mengine. Kiongozi mwenye sauti huko alikuwa Parsaloi ole Gilisho, ambaye Wazungu walimwita Legalishu, na huyu hakutaka kuhama.

Machi 1911 Olonana alifariki, akiwa na miaka kama arubaini tu. Maafisa wa serikali walitangaza kwamba wosia wake wa mwisho ulikuwa watu wake waitii serikali na wale wa kaskazini wahamie kusini. Wosia huo ulikuja wakati serikali ilipokuwa ikiuhitaji sana. Huenda aliusema. Huenda alisema nusu yake, na mkalimani akaimalizia. Olonana hakuacha mwandiko wake hata mstari mmoja. Kila neno tunaloambiwa alisema lilipita kinywani mwa mtu mwingine aliyekuwa na haja yake, na ndiyo maana katika makala haya sikuliweka neno lolote kinywani mwake.

Mwezi mmoja baada ya mazishi, tarehe 4 Aprili 1911, mkataba wa pili ukawekwa alama. Mtoto wake Seggi, kijana mdogo, alisimamishwa mahali pa baba. Watu na mifugo wakaanza kuhamishwa kutoka Laikipia. Wengi walikufa njiani kwa baridi na maradhi.

Hapa tena hadithi inarudi kwetu. Wamaasai wa kaskazini walikwenda mahakamani, wakamchukua wakili, na kesi yao, iliyojulikana kwa jina la Ole Njogo, ikaletwa Mombasa, Mahakama Kuu ya wakati huo. Mwaka 1913 majaji waliamua kwamba mikataba ile ilikuwa kama ya dola na dola, na kwamba mahakama haina uwezo wa kuisikiliza. Yaani Wamaasai walikuwa dola huru siku ya kudai haki na raia watiifu siku ya kufukuzwa. Rufaa nayo ikaanguka. Mwaka huo huo, si mbali na mahakama ile, Mekatilili wa Menza alikuwa akiwaapisha Wagiriama wasiitii serikali, akakamatwa na kupelekwa uhamishoni magharibi mwa nchi. Pwani na Umaasaini zilikuwa zikilia kilio kimoja, kila mtu kwa lugha yake.

Huyo ndiye Olonana. Jina lake halikupotea. Kilele cha tatu cha Mlima Kenya, chenye mita 4,985, kile ambacho watembeaji wengi hufika, kinaitwa Lenana. Kile kirefu kuliko vyote, mita 5,199, ni Batian, jina la baba yake. Shule iliyoanzishwa 1949 kwa jina la Duke of York, baada ya uhuru ikaitwa Lenana. Nairobi kuna barabara yake. Kwa upande wa kumbukumbu, mtu huyu hana njaa.

Lakini waulize Wamaasai wenyewe na utapata majibu mawili. Wengine watakwambia aliwaokoa watu wake kutoka kufa kabisa, akawarudishia ng'ombe, akazima vita vya ndugu. Wengine watakwambia aliuza Bonde la Ufa. Agosti 2004, miaka mia moja baada ya mkataba wa kwanza, Wamaasai waliandamana kudai ardhi ya Laikipia, maana waliona muda umetimia. Jambo lenye miaka mia moja bado lina moto hivyo, basi bamba la kumsifu tu au la kumlaumu tu litakuwa la uongo.

Kajiado si maskini wa historia. Olorgesailie, kwenye njia ya Magadi, kuna mashoka ya mawe ya watu wa kale, makumbusho yake yako tangu miaka ya 1940. Ngong kuna kaburi la Denys Finch Hatton, aliyeanguka na ndege yake Voi 1931, na watalii hulipanda mlima kulitazama. Mwingereza mmoja aliyekufa katika ardhi ya Taita ana nguzo Ngong. Sina ugomvi na nguzo yake. Ninachosema ni kwamba, ikiwa mmoja anastahili nguzo, mia tano wanastahili walau mstari.

Kwa hivyo siku kaunti itakapokaa kuandika bamba la Ewuaso Kedong, naomba mambo matatu yasiachwe.

Kwanza, Olonana aandikwe mzima: mrithi wa Mbatian, kiongozi wa wakati wa njaa, rafiki wa Waingereza, na mtu ambaye mkataba aliowekea alama ulivunjwa na waliouandika.

Pili, msafara wa 1895 utajwe, na utajwe kwa haki. Waandikwe Wakikuyu waliokuwa wengi kuliko wote. Waandikwe Waswahili. Iandikwe pia kwamba wasichana walishikwa na ng'ombe walichukuliwa, na kwamba Wamaasai nao waliuawa. Sisi wa pwani tusione haya kulikubali hilo. Anayetaka wafu wake wakumbukwe lazima akubali wakumbukwe pamoja na makosa yaliyofanyika mbele yao. Si kila mpagazi aliyelala pale alimshika msichana wa mtu. Wengi walikuwa wamebeba mzigo wa watu wengine na wakafa kwa kosa la watu wengine.

Tatu, liandikwe kwa Kimaasai na kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza peke yake. Waliokufa pale hawakupiga kelele kwa Kiingereza.

Na sisi huku tusingoje Kajiado. Malindi tuna nguzo ya Vasco da Gama na tuna sanamu ya Mekatilili. Mombasa, Kengeleni, kengele ya Frere Town ipo barabarani, maelfu wanaipita kila siku kwenda Nyali na Bamburi. Mpagazi hana chochote kati ya hivyo, naye ndiye aliyebeba nusu ya historia ya Afrika Mashariki kichwani. Serikali za kaunti za pwani, na wazee wetu wenye kumbukumbu za ukoo, wangeweza kuanza kwa kukusanya yaliyobaki: jina la babu aliyekwenda bara na hakurudi, mwaka aliotoka, msafara wa nani. Kwenye familia zetu majina hayo bado yapo. Husomwa katika hitima, kisha hunyamaziwa.

Leo reli iliyoanzia bandarini Mombasa inashuka Bonde la Ufa, inapita upande wa Mai Mahiu mpaka Suswa na Naivasha. Tangu 2019 makontena yetu yanapita kwa saa chache bonde ambalo wapagazi walilipita kwa siku, na wengine hawakulimaliza. Mzigo bado unatoka pwani. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia kuubeba, na atujaalie tuwe watu wa kuwakumbuka kwa haki.